Matundu Yanatawanyika: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kopo Jingine la Risasi

Wanaolenga shabaha kwa bunduki ya upepo hapa Tanga huuliza sana swali moja: risasi gani nzuri? Muulizaji huwa na karatasi mkononi, matundu yametapakaa hovyo. Ameshanunua makopo mawili matatu ya aina tofauti, kila moja akiapiwa kwamba hili ndilo, na karatasi haijabadilika. Simlaumu kwa kushuku risasi, kwani ndicho kitu pekee kinachobadilishwa bila kufungua kitu. Lakini kwa bunduki nyingi zilizopo huku, hasa za springi zile za kukunja mtutu, risasi huwa mshukiwa wa nne au wa tano. Mbele yake wapo skrubu, mshiko wa mpigaji, darubini na uchafu wa ndani ya mtutu.

Kwa hiyo tunaanza na karatasi yenyewe. Matundu yamekaaje? Yamesambaa pande zote, yamejipanga wima, yamelala ubavu, au yamegawanyika makundi mawili? Kila umbo lina wazazi wake.

Neno la usalama kwanza, maana kuna wanaoichukulia bunduki ya upepo kama mchezo wa watoto. Mambo ya kibali yamalizwe polisi kabla ya kufyatua hata risasi moja. Nyuma ya shabaha weka sanduku la mbao lililoshindiliwa matambara au mchanga. Usitegemee ukuta wa mawe ya matumbawe wala wa tofali za saruji, kwa sababu risasi hurudi kwa aliyeipiga, tena kwa kasi. Vaa miwani. Risasi iliyokosa sanduku husafiri mamia ya mita, na majumba yetu yamebanana. Kama ua wako unatazamana na uchochoro, hapo si pa kulengea.

Upate kundi la kuanzia, yaani matundu ya mfululizo mmoja. Kaa, egemeza viwiko, piga risasi 10 kwenye karatasi moja kutoka mita 10 na usizibague. Risasi tatu hazikwambii kitu. Tatu zinaweza kuingia tundu moja kwa bahati tu, ukaenda kulala ukidhani umepona.

Matundu yametapakaa pande zote

Hapa kwanza usiguse darubini, usibadilishe risasi. Chukua bisibisi na spana ndogo za L.

Bunduki ya springi ina tabia yake: springi inapoachiliwa, pistoni inaruka mbele na bunduki inasukumwa nyuma, pistoni ikifika mwisho inagota na bunduki inavutwa mbele tena. Yote hayo hutokea kabla risasi haijatoka mdomoni mwa mtutu. Mtikisiko huo wa kwenda na kurudi unalegeza kila kilichofungwa. Skrubu mbili za mbele kwenye ubavu wa mbao ndizo zinazoanza, kisha ile ya kwenye kikingio cha triga. Huhitaji zilegee sana. Robo mzunguko inatosha kukuharibia karatasi.

Zikaze kwa mkono wa kawaida, si kwa hasira. Mbao za kitako zinabonyea, na huku pwani zinavimba masika na kunywea jua likirudi, kwa hiyo skrubu iliyokuwa sawa mwezi wa nne si lazima iwe sawa mwezi wa tisa. Ukishakaza, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kuanzia kichwa cha skrubu hadi kwenye mbao. Siku mstari ukikatika, umejua bila kugusa bisibisi. Tone la rangi hiyohiyo kwenye nyuzi za skrubu linaisaidia isijifungue, na bado utaweza kuifungua ukitaka.

Baada ya skrubu za mbao, angalia pale mtutu unapokunjika. Bunduki ikiwa tupu na imefungwa, shika mbao kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, utikise kushoto na kulia. Ukisikia mchezo wowote, hata wa kubofya tu, umepata ugonjwa. Bunduki nyingi zina boliti hapo inayoweza kukazwa. Kipimo cha mafundi ni hiki: bunduki ikiwa imekokiwa, mtutu ubaki pale unapouacha, usidondoke kwa uzito wake. Katika kupima, mkono mmoja usiuachie mtutu kamwe na kidole kiwe mbali na triga. Triga ikiponyoka mtutu ukiwa umekunjwa, utajifunga kwa nguvu yote ya springi. Hapo hupinda mtutu, na kidole kilichokaa njiani hukatika.

Kisha vishikio vya darubini. Tazama nyuma ya kila kishikio juu ya reli: ukiona mkwaruzo mpya unaong'aa, darubini inatambaa kila unapofyatua. Kaza, na kama reli ina tundu la pini ya kuzuia, itumie pini hiyo, ndiyo kazi yake. Darubini yenyewe nayo inaweza kuwa imekufa ndani. Zilizotengenezwa kwa bunduki za baruti zimezoea pigo la upande mmoja; hili la kwenda na kurudi linazivunja, na kuna watu wameweka darubini ya bei mbaya juu ya bunduki ya springi ikaisha ndani ya mwezi. Njia ya kuikamata ni rahisi: ivue, piga kwa vilengeo vya chuma. Kundi likijirudi, mwizi umemjua.

Yote yamekazwa na matundu bado yanatembea? Basi ni mshiko. Bunduki ya springi haipendi kubanwa, wala haipendi kuwekwa juu ya kitu kigumu. Ukiilaza moja kwa moja juu ya meza au tofali, inaruka. Kiganja cha mkono wa mbele kiwe wazi, bunduki ikae juu yake kwa uzito wake tu. Bega liguse bila kusukuma. Shavu lilale palepale kila mara. Mkono wa mbele nao ukae mahali pamoja. Weka kipande cha utepe chini ya mbao kukukumbusha, maana kusogea sentimita tatu mbele au nyuma kunahamisha kundi zima. Wenye bunduki za chupa ya hewa wameepushwa na mengi ya haya: zao hazitikisiki, zinaweza kulala juu ya mfuko wa mchanga siku nzima.

Matundu yamejipanga wima

Ukiona msimamo wa juu na chini, fikiria kasi. Risasi ya mashindano ya gramu 0.53 inayotoka kwa mita 175 kwa sekunde hushuka kama milimita 17 kabla ya kufika mita 10. Ikipungukiwa mita 3 za kasi, inashuka nusu milimita hivi zaidi. Kwa mpigaji wa kawaida hilo halionekani. Lakini sogea mita 25 na bunduki yenye kasi ya 240: tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi na risasi inakupa nusu sentimita ya kupanda na kushuka ambayo hakuna mshiko wowote utakaoiondoa.

Kasi inayumba kwa nini? Kwanza mafuta. Kuna desturi ya kumimina mafuta ya cherehani, au mafuta yoyote yaliyopo, kwenye tundu la hewa "ili ilainike". Hewa ikishindiliwa ghafla inapata joto kali na mafuta yanaripuka, sawa na ndani ya injini ya dizeli. Dalili ni mshindo mkubwa kuliko kawaida, moshi mdomoni mwa mtutu na harufu ya kuungua. Wapo wanaofurahi, wakidhani bunduki imepata nguvu. Imepata nguvu isiyo na mpangilio, na kila mripuko unakula sili ya pistoni. Dawa ni kuacha kuongeza mafuta na kuendelea kupiga mpaka yaishe. Sili za plastiki zinataka tone la mafuta ya silikoni mara chache sana, na za ngozi, zilizomo kwenye bunduki za zamani, ndizo zinazohitaji kulainishwa mara kwa mara.

Pili, sili ya mdomo wa nyuma wa mtutu, ile pete ndogo unayoiona ukiukunja. Ikikauka au ikikatika, hewa inatoroka ubavuni. Lalisha ukanda wa karatasi laini ya chooni juu ya maungio, piga risasi kama kawaida kwenye sanduku. Karatasi ikirushwa, pete imekwisha. Ni kitu cha bei ndogo. Kinachokera ni kukipata cha ukubwa wake, na hapo maduka ya vipuri vya pikipiki hufaa kuliko mtu anavyodhani. Nenda na ile ya zamani mkononi.

Bunduki ya chupa ya hewa ina sababu yake ya kusimamisha matundu: shinikizo linashuka kadiri unavyopiga. Isiyo na kidhibiti huanza chini kidogo, ikapanda, ikatulia katikati, kisha ikaporomoka. Piga chupa moja yote na andika namba ya kila risasi pembeni ya tundu lake. Utajua wapi pa kuanzia na wapi pa kusimama. Kuhusu kujaza: pampu za matairi hazifiki hata karibu na shinikizo linalotakiwa, na oksijeni ya wachomeleaji ni marufuku kabisa, maana ikikutana na mafuta chini ya shinikizo hulipuka. Inayotakiwa ni hewa ya kawaida iliyokaushwa, kama ya wapiga mbizi. Ukitumia pampu ya mkono katika unyevu wetu huu, pumzisha pampu na fungua kitundu cha kumwagia maji, ama sivyo unajaza chupa maji na kutu.

Kama kasi ni safi, sababu iliyobaki ni pumzi. Anayefyatua mara akiwa amevuta, mara akiwa ametoa, atapata mstari wima hata kwa bunduki ya Olimpiki.

Matundu yamelala ubavu

Upepo, kwanza kabisa. Watu huamini kwamba kwa mita 25 upepo si kitu. Upepo wa ubavuni wa mita 4 kwa sekunde, ambao huku ni wa kawaida tu mchana, unaisukuma risasi ya gramu 0.55 kiasi cha sentimita 2 kwa umbali huo. Kusi likishika mwezi wa sita na wa saba, kulenga alasiri pale Raskazone ni kujipima subira. Piga asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka. Funga uzi wa katani kwenye kijiti nusu ya njia, uutazame kabla ya kila risasi, ukinyanyuka, subiri.

Pasipo upepo, chunguza kidole. Triga nzito inavutwa kwa ubavu wa kidole na bunduki inafuata. Au unaiinamisha bunduki bila kujua, mara kushoto mara kulia: tundika timazi ya waashi nyuma ya shabaha na ulinganishe na mstari wa wima wa darubini. Ni zoezi la kuchosha lakini linafichua mengi.

Makundi mawili, yote mazuri

Hili huwachanganya watu, nami hulipenda kuliko yote kwa sababu chanzo huwa kimoja tu kati ya vichache. Mtutu unajifunga katika sehemu mbili tofauti (kufuli lake lina uchafu au limechakaa), au lenzi za ndani ya darubini zinakaa hapa na pale, au umebadilisha mshiko katikati, ukainuka kunywa maji ukarudi ukakaa vingine. Tena kuna la nne: kopo limechanganywa. Muuzaji alimalizia mabaki ya kopo jingine humo ndani. Zimwage mezani uzitazame.

Wenye darubini waongeze hili. Darubini nyingi zimerekebishwa kiwandani kwa mita 100 hivi. Ukiitumia kwa mita 10, jicho likisogea kidogo tu, msalaba unasogea juu ya shabaha ingawa bunduki haijatikisika. Iliyotengenezwa kwa bunduki za upepo mara nyingi huwa na pete ya kurekebisha umbali mpaka mita 10 au chini. Kama yako haina, shavu lako ndilo pete.

Kundi zuri, lakini moja au mbili zinatoroka

Sasa ndipo tunafika kwenye risasi.

Itazame moja kwa karibu. Ina kichwa, ina kiuno chembamba, ina sketi nyuma iliyo tupu ndani. Kichwa kinaongozwa na mifuo ya ndani ya mtutu. Sketi inapanuliwa na hewa, inaziba, na ndiyo inayoburuta nyuma ili risasi isigeuke njiani. Sketi ni nyembamba na imetengenezwa kwa madini ya risasi, laini kiasi cha kubonyea kwa ukucha. Kopo lililosafiri juu ya keria ya basi kutoka Dar, likatupwa sakafuni Chumbageni, likafunguliwa na watoto, lina sketi zilizobonyea. Sketi iliyobonyea haiachi hewa sawasawa pande zote, na risasi inatoka ikiwa tayari imesukumwa upande.

Kuna fundi baiskeli mmoja kule Ngamiani ambaye vijana humpelekea bunduki kwa sababu ana subira na ana jiliwa. Kijana alimwendea na kopo jipya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Za nyumbani?"

"Njema. Mzee, hizi nazo zinatoroka. Kumi, mbili zinakwenda zake."

Mzee hakuitazama bunduki. Akachukua kipande cha kioo cha dirisha, akakilaza mezani, upande mmoja akauinua kwa kiberiti, akaanza kuziviringisha risasi mojamoja. Kwa kuwa sketi ni pana kuliko kichwa, risasi haiendi moja kwa moja, inachora upinde. Nyingi zilichora upinde uleule na kuishia sehemu moja ukingoni. Chache zilikata kona mapema, na mbili zilitembea zikichechemea, zinapanda na kushuka. Zilizochechemea akazitia kwenye kopo la maziwa la takataka. Zilizokata kona akazitenga. "Hizi sio mbovu," alisema, "ila sio ndugu wa zile. Zipige siku yake."

Zoezi hilo linafaa kuliko mizani. Najua wapo wanaokwenda kwa sonara kupima risasi mojamoja, na sonara anawavumilia. Hesabu yake ni hii: risasi mbili zikitofautiana kwa gramu 0.01, kwa nguvu ileile ya bunduki, kwa mita 10 zitatofautiana kwa theluthi moja ya milimita. Nukta ya alama 10 kwenye shabaha ya mashindano ya mita 10 ina upana wa milimita 0.5, kwa hiyo mshindani wa kimataifa ana haki ya kujali. Sisi wengine tutazame sketi kwanza. Mizani ianze kufikiriwa mita 25 na kuendelea, na hata hapo kazi yake kubwa ni kumkamata yule mmoja mwepesi kupita kiasi, mwenye tundu la hewa ndani.

Unyevu nao una sehemu yake. Kopo lililoachwa wazi pwani huota unga mweupe juu ya risasi. Unga huo unabadilisha mkwaruzano ndani ya mtutu, na ni sumu: usiupulize, usiupanguse kwa kanga ya nyumbani. Risasi zilizoota sana zitupwe. Funga kopo kwa utepe, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, hata kama zilionekana safi. Tabia ya kushika risasi mdomoni huku unakoki ikome.

Inaanza vizuri, inaharibika

Kama inaharibika ndani ya saa moja, tazama jua kabla ya mtutu. Wanaotumia vilengeo vya chuma hulenga juu zaidi au upande zaidi kadiri mwanga unavyohama, kwa sababu ncha ya mbele inang'aa upande mmoja na jicho linadhani katikati ni pengine. Ipake masizi ya koroboi. Pitisha ncha juu ya mwali, bunduki ikiwa tupu, mpaka iwe nyeusi tii. Ni dawa ya bure na hakuna rangi ya dukani inayoishinda.

Kama inaharibika polepole, wiki hadi wiki, mtutu umeshika madini ya risasi. Madini yanajipaka kwenye mifuo, hasa karibu na mdomo. Kusafisha kwa fimbo ya chuma kunaumiza kuliko kunavyosaidia. Chukua mshipi wa kuvulia wa nailoni, ukunje mara mbili, upitishe kutoka mdomo wa nyuma hadi wa mbele, weka kwenye kitanzi ukanda wa pamba safi, uvute mara moja kuelekea mbele. Rudia kwa vipande vipya mpaka kitoke bila weusi. Usirudishe kitambaa kilekile. Baada ya kusafisha, risasi chache za kwanza zitazurura. Mtutu unataka kupakwa upya kabla ya kutulia. Ndiyo maana anayesafisha kila siku hapati raha. Safisha kundi linapokwambia.

Matundu ya mviringo wa yai, au yaliyopasuka ubavu

Risasi imefika ikiwa imelala. Kagua mdomo wa mtutu: zungusha pamba ya sikio pale ukingoni. Ikinasa nyuzi, kuna kichuma kilichochomoza au jeraha linaloipiga kumbo risasi inapotoka. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye mashine. Kama mdomo ni safi, risasi ni legevu kwa mtutu wako, inaingia bila hata kusukumwa kwa kidole, na mifuo haiishiki vizuri. Au ni nyepesi mno na ya kasi mno: zile za aloi zisizo na madini ya risasi, zinazotangazwa kwa futi 1,200 kwa sekunde. Hizo ni mita 366, wakati sauti yenyewe kwenye joto la nyuzi 30 inakwenda karibu mita 349. Umbo hili la kiuno halikubuniwa kuvuka mpaka huo. Likiuvuka na kurudi linayumba. Kwa maoni yangu zinauzwa kwa ajili ya mshindo.

Yote yamepona, sasa linganisha risasi

Hapa ndipo swali la mwanzo linastahili jibu, nalo ni kwamba mtutu wako ndio unaochagua. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja, iliyotoka siku moja, inaweza kupenda makopo tofauti.

Umbo la kichwa liamuliwe na umbali. Kichwa bapa, kama RWS R10 Match au H&N Finale Match, kinakata tundu la duara safi lisilo na ubishi kwenye kuhesabu alama, na mashindano ya mita 10 karibu yote hupigwa kwa hicho. Ila kinapigana na hewa. Ukivuka mita 25 kinachoka. Huko chukua kichwa cha kuba: JSB Exact ya gramu 0.547, RWS Superdome ya 0.54, au H&N Field Target Trophy. Bunduki ya springi yenye nguvu ndogo itaifurahia JSB Exact RS ya 0.475. Nzito kama Baracuda, zinazokaribia gramu 0.7, ziachie bunduki za chupa. Kwenye springi dhaifu pistoni inadunda kabla risasi haijaondoka. Za ncha kali zinavutia koponi tu.

Kisha kuna kipenyo cha kichwa, na hili ndilo watu hulipita. Kopo la caliber (kipenyo cha mtutu) milimita 4.5 linaweza kuandikwa 4.49, 4.50, 4.51 au 4.52 pembeni. Ni sehemu ya mia ya milimita, na mara nyingi ndiyo inayotenganisha kundi la kuridhisha na la kutia aibu. Kabla ya kubadili aina, jaribu aina ileile kwa kipenyo kingine.

Upimaji wenyewe uwe wa haki. Ukibadili kopo, piga risasi kama 20 kwenye sanduku bila kuhesabu, mtutu uzoee. Kisha makundi ya risasi 10, si 5: kundi la 10 kwa bunduki ileile huwa pana karibu robo zaidi kuliko la 5, kwa hiyo usilinganishe 5 za kopo hili na 10 za lile, wala picha ya karatasi ya mtu aliyechagua tano zake bora. Piga kopo la kwanza, la pili, kisha rudi la kwanza, maana mikono inachoka na upepo unageuka, na kopo lililopigwa mwisho huonewa. Pima kutoka katikati ya tundu la mbali hadi katikati ya lile lililo mbali nalo zaidi, uandike nyuma ya karatasi: risasi, kipenyo, namba ya toleo iliyo chini ya kopo, saa, upepo.

Namba ya toleo usiiache. Viwanda hubadilisha kalibu, na kopo lenye jina lilelile, rangi ileile, mwaka ujao linaweza kutoa risasi ambayo mtutu wako hauitaki. Ukipata toleo linalokubali, na mfuko ukiruhusu, nunua makopo kadhaa ya namba hiyohiyo na uyahifadhi pakavu, mbali na dirisha la upande wa bahari.